Ramani Iliyobaki Mlangoni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa na anga safi, bila hata wingu la kusingizia. Nilikuwa Lodwar, kijana wa miaka ishirini na mitano, nimevaa tai kwenye joto lile, na nilikuwa na furaha. Hiyo furaha ndiyo inayonitafuna hadi leo.

Niliajiriwa na mradi mdogo wa mambo ya mvua na malisho, mradi uliokwisha kufa zamani. Kompyuta yetu ya mezani ilikuwa na programu ya kuchora ramani za mvua. Kila Jumatatu nilikuwa nachapa ramani moja, na kwa kuwa printa yetu ilijua wino mweusi tu, nilichukua penseli ya buluu nikapaka kwa mkono mahali palipotazamiwa mvua. Kisha nilimkabidhi dereva wa lori la mahindi aliyekwenda Kakuma. Huko ilibandikwa mlangoni pa kibanda cha chai cha Mama Achol, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, karibu na ukingo wa mto Tarach.

Tarach, kama hujafika, ni mto wa mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka hauna maji juu. Kina mama hushuka wakachimba visima virefu humo, mmoja akiwa chini anachota, wengine wakipokezana karai kwenda juu. Hatari yake ni kwamba mvua ikinyesha milimani, upande wa Uganda, maji huja Kakuma huku jua linawaka. Kwa hiyo tulikuwa na kanuni moja, niliyoifundisha mwenyewe pale mlangoni: buluu ikigusa milima, mtu asishuke. Aliyeishika kuliko wote alikuwa Akiru, mama Mturkana mwenye kicheko kikubwa, mchimbaji hodari. Nikifika, kabla hata sijashuka garini, alikuwa ananipigia kelele kwa salamu ya Kiturkana, "Ejok! Buluu iko wapi leo?"

Basi mradi ukanipeleka Nairobi kujifunza mambo ya intaneti. Nilirudi nimevimba kichwa. Kwa miezi kadhaa nilihamisha kazi ya ile programu kwenda kwenye tovuti, ramani zijichore zenyewe, zenye rangi, zibadilike kila siku, mtu yeyote duniani azione. Usinicheke, mwanangu: nilisema "mtu yeyote duniani" na niliamini. Siku tovuti ilipofunguliwa niliifuta programu ya zamani, penseli nikaitupa kwenye droo. Lori la Jumatatu likaondoka bila karatasi. Kakuma hapakuwa na mtu wa kufungua tovuti, hilo nililijua, lakini nilijiambia watu watazoea, simu zitafika, mambo yatajipa. Sikutuma hata neno la kuwaeleza.

Wiki ya tatu, asubuhi, ramani ilifunguka polepole kwenye kioo, mstari kwa mstari. Buluu ilikuwa imetanda juu ya ile milima, imekolea hata nikawaita wenzangu waje waone ilivyopendeza. Tulisimama pale tunasifu rangi. Saa hiyo hiyo Akiru alikuwa anafunga shuka kiunoni ili ashuke kisimani.

Maji yalipita mchana. Wenzake waliokuwa juu walikimbia. Yeye alikuwa chini. Habari ililetwa Lodwar na yule dereva wa lori, nami nikapanda lori lake nikaenda.

Mama Achol hakunipigia kelele. Laiti angenipigia. Alinishika mkono akanipeleka mlangoni. Karatasi yangu ya mwisho ilikuwa bado pale, imepigiliwa misumari minne, imefifia kwa jua. Haikuwa na buluu hata kidogo.

"Karatasi yako hii," alisema. "Iko hapa tu. Sisi tunangoja mpya, haikuji. Akiru anaangalia, anasema, kijana yetu hajapaka rangi, mto iko sawa. Anashuka." Kisha akaniuliza, "Wewe ulikuwa umeona?"

Nikasema ndiyo, niliona. Ilikuwa kwenye intaneti.

"Intaneti iko wapi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua, na alitazama huku na huku barabarani akingoja nimwonyeshe.

Ningeiondoa tu ile karatasi, mlango mtupu ungemtia Akiru shaka. Mimi nilimwachia uongo wenye mkono wangu. Nimeoa, nimezaa, nimestaafu, na uchungu haujapungua. Wapo walioniambia kwamba mto ungemchukua vyovyote vile. Labda. Sijapata faraja humo.

Sasa nasikia nawe umepewa kazi ya kuhamisha mambo kama hayo, na unaongea kwa haraka kama nilivyoongea mimi. Sidhani kama utanisikiliza, mimi nisingesikiliza. Lakini nakuagiza: kabla hujafunga kitu cha zamani, nenda mwenyewe mpaka mlango wa mwisho kilipobandikwa. Mtafute anayekitegemea, umweleze kwa mdomo wako, na ukibandue kwa mkono wako. Usimtume mtu. Nenda.

Mungu akubariki katika kazi yako, mwanangu, akupe macho ya kumwona aliye chini kisimani wakati wewe unasifu rangi. Na akuepushe usije ukasimama mlangoni pa mtu, ukaulizwa kama ulikuwa umeona, ukawa huna jibu jingine ila ndiyo.