Siku Niliyopiga King'ora kwa Sababu ya Pensheni ya Senge

Uuuuu-iii, uuuuu-iii. Mpaka leo ambulensi ikipita barabara ya Kaplong huwa naangalia mikono yangu kwanza, nione kama kuna kitu imeshika, kwa sababu ule mlio wa king'ora cha kiwanda, uliotoka asubuhi jua likiwa limeshapanda ukavuka mashamba ya majani chai mpaka ng'ambo ya mto, ni mimi niliupiga, na hakukuwa na moto. Nasema mapema ili mnicheke sasa tumalizane. Moto pekee uliokuwepo ni wa boila, na huo uko pale tangu sijazaliwa.

Mimi ni mtu wa kupakia. Kazi yangu ni kushona midomo ya mifuko ya majani chai, na nikishona naota (nimeshachagua mpaka rangi ya pazia la duka la keki ambalo nitafungua Sotik, hata oveni sina). Senge Rael (senge kwetu ni shangazi), dada ya baba yangu ambaye ndiye alinilea, yuko kiwanda hicho hicho, upande wa kuchambua, na amebakisha kidogo tu astaafu. Ndoto yake ni moja, jiko la mawe, chumba kizima cha kupikia chenye mfereji wa maji ndani. Kila jioni maji ya kuosha vyombo anayamwaga pale pale litakapojengwa, ati ardhi izoee.

Sasa hilo jiko lote liko ndani ya pensheni yake. Ndiyo maana niliposikia wakubwa wanataka kugusa makato ya uzeeni, nilianza kupima kila neno lao.

Wacha niwaeleze vile nilielezwa mimi. Kwenye karatasi ya mshahara kuna makato ya mfuko wa serikali, na yako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni lazima liende serikalini, hilo halina mjadala. Fungu la pili, sheria inasema kama kazini kwenu mna skimu yenu ya pensheni, na imekubaliwa na wale wanaosimamia mambo hayo, mwajiri anaweza kuomba kujitoa, halafu hilo fungu la pili liende kwa skimu yenu badala ya serikali. Na kiwanda chetu kilitaka kujitoa. Afisa wa wafanyakazi alitusomea hayo kwa upole sana, akatabasamu, na mimi huo upole ndio ulinitia wasiwasi, maana huyo mtu hata mkono wa pole huwa anatoa kama anadaiwa.

Kujitoa. Neno lenyewe lilinikaa vibaya. Tangu lini tajiri akajitoa mahali ili wewe ufaidike? Huku kwetu tumeona chama cha akiba kikifunga mlango Ijumaa vizuri tu, Jumatatu hata kibao hakipo. Halafu siku ya mkutano akaja mgeni wa hiyo skimu kutoka Nairobi, viatu vyenye ncha, na nyuma ya gari lake kreti za soda na mikate.

"Umeona soda?" nikamwambia Moraa, rafiki yangu tunayeshona naye benchi moja.

"Nimeona. Kuna nyeusi na za machungwa."

"Mtu hawezi kununulia kiwanda kizima soda bure tu."

"Chela, wewe kunywa soda kwanza, ushuku ukishiba."

"Na kwa nini wameita wazee peke yao? Si ni kwa sababu wao ndio wako na pesa nyingi huko ndani?"

"Ni kwa sababu mashine haziwezi kusimama wote tukienda, na wazee wana magoti mabaya, wanahitaji kuketi. Sisi tutaingia zamu ya pili. Shona, CID, mfuko unamwagika."

Nikashona. Lakini uzi ukaisha, na hapo ndipo shetani wangu aliponipata, kwa sababu stoo ya uzi ina njia mbili. Moja inapita mbele ya ofisi, ni fupi. Ya pili inazunguka nyuma ya kantini, chini ya madirisha, ina matope, na mtu mwenye akili zake haipiti. Mimi nikaipita. (Uamuzi wangu mbaya siku hiyo ulikuwa huo tu, hayo mengine yalijileta yenyewe.)

Mlango wa kantini ulikuwa umefungwa. Wangefunga kwa nini kama hakuna jambo? Nikapanda juu ya kreti nikachungulia. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani isipokuwa pale chini, na kwa mlio wa mashine sikuweza kusikia hata neno, lakini macho yaliona. Wazee wote wamesimama, vichwa chini kama watu wamekamatwa. Yule mgeni amekumbatia debe la biskuti, na juu ya debe vinachungulia vikaratasi. Katikati ya wote Senge wangu, ambaye hata alipovunjika mkono hakulia, machozi yanamtiririka na anajifuta na kitambaa cha kichwa.

Basi nikajua. Wamewafungia, wamewasainisha, na Senge ameliona jiko lake likienda.

Mtu atauliza, si ungegonga mlango? Nami nawajibu, ukigonga utaambiwa subiri, na ukisubiri debe limeshaingia kwenye gari. Pale ukutani, hatua chache tu, kuna kile kisanduku chekundu chenye kioo. Nilikuwa na mkasi wa kukatia uzi. Nikavunja.

Uuuuu-iii.

Kiwandani kwetu king'ora kikilia mashine zote zinazimwa na watu wanakimbilia uwanja wa geti, hakuna kuuliza. Kwa hivyo ghafla mashine zikanyamaza, kukabaki ule mlio peke yake, na watu wakamiminika nje na maaproni. Wakulima waliokuwa wanapima majani kituo cha ng'ambo ya barabara wakaacha vikapu wakaja mbio na ndoo. Mzee mmoja alikuwa anapeleka maziwa kwa pikipiki, akaona mvuke unapanda kando ya kuni za boila, akafungua mkebe akamwaga maziwa yote hapo, yote, halafu akasimama anatafuta moto uko wapi.

Na kantini? Mlango ule hufunguka kwa ndani, na wazee wote walikuwa wameusukuma kwa nje, kwa hivyo haukufunguka. Mgeni akatoka kwa dirisha. Alitua mtaroni na viatu vyake vyenye ncha, debe likafunguka, vikaratasi vikasambaa kwenye matope.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikapanda tena juu ya kreti yangu nikapaza sauti: "Mwoneni, anatoroka nayo! Niliwaambia! Anatoroka na pensheni zenu!"

Watu wakamzunguka. Mtu akamshika kola. Mgeni wa watu alikuwa ameshika mfuniko wa debe kama ngao, anasema tu, "Ni kura, jamani, ni kura."

Meneja wetu ni mama wa maneno machache. Alikuja akamtoa mgeni mikononi mwa watu, akazima king'ora kwa ufunguo, akatugeukia.

"Nani amevunja kioo?"

Nikainua mkono. Ulikuwa bado umeshika mkasi.

"Umeona moto?"

"Hapana, madam. Mlikuwa mmefunga mlango. Halafu Senge alikuwa analia."

Senge, waliyemtoa walipoacha kuusukuma ule mlango, akatokea kwenye umati, kitambaa kimeenda upande. Hakupandisha sauti, heri angepandisha. "Chelangat," akasema (jina lote, hapo nikajua nimekwisha), "nilikuwa nalia kwa sababu walikuwa wananiombea. Mlango tulifunga kwa sababu ya mlio wa mashine."

Kumbe sheria inataka wafanyakazi wachague watu wao wa kukaa kwenye bodi ya skimu, wadhamini wanawaita, wa kuchunga pesa isipotee. Kumbe Senge alikuwa amesimama kugombea. Hakuniambia kwa sababu aliogopa kushindwa, na kwa sababu anajua mdomo wangu hauna mfuniko. Walikuwa wamemaliza kupiga kura za zamu ya kwanza, na kabla ya kuzihesabu, vile tunavyofanya huku kwa kila kitu, wakainuka kuwaombea wagombea wote, mmoja mmoja. Zamu ya kuombewa ilikuwa yake.

Nyuma yangu nikamsikia Moraa akisema polepole, "Ai, Chela." Halafu yule mzee wa maziwa: "Kwa hivyo hakuna moto?"

Akainamisha mkebe wake, likatoka tone moja.

Kura zilizokuwa mtaroni watu walikataa zihesabiwe, na mimi ndiye niliyewafundisha kukataa. Kile nilichopaza juu ya kreti kiliwaingia. Mmoja akasema mbona mgeni aliruka na debe, mwingine akasema na mbona aliyepiga king'ora ni mtoto wa nyumbani kwa Rael, labda alijua anashindwa akapanga wavuruge. Senge, kupanga. Mama ambaye akiokota kijiko njiani anazunguka nacho kijiji kizima kuuliza ni cha nani.

Tulirudia wiki iliyofuata. Kujitoa kukapita, tulipoelezwa tukiwa tumeketi na mlango wazi, na sasa fungu la pili linaenda kwa skimu. Lakini mdhamini alichaguliwa fundi mmoja wa boila, mtu mzuri tu, ambaye kwenye mikutano husinzia. Senge alipiga makofi kama wengine.

Mimi nilipewa barua ya onyo na ufagio. Nilifagia chumba cha kuchachusha, kwa sababu majani yaliyokuwa yamesagwa siku ile yalilala pale mashine zikiwa zimezimwa, yakapitiliza kuchacha. Supavaiza aliokota kiganja kimoja akanusa, akakitupa. "Haya yamekufa," akasema. Nikayazoa yote, na kidogo nikatia kwenye mfuko wa aproni yangu, sijui kwa nini.

Jioni moja tukitoka kazini nikamwambia Senge nimeharibu jiko lake.

"Jiko liko," akasema. "Pesa haijaenda mahali. Mimi nilitaka kiti tu, nikae pale niwaangalie machoni wakihesabu. Unafikiri mimi siwashuku? Ndiyo maana nilisimama." Tukatembea kidogo. "Ara, haya basi, Chela. Kushuku si vibaya. Lakini ungegonga mlango, ungeshuku ukiwa ndani, na mkate ungekula."

Basi, dirishani sichungulii tena. Siku hizi nagonga, naingia, naketi mbele kabisa na kuuliza maswali mpaka afisa wa wafanyakazi anatafuta saa yake. Bado siwaamini, ila siwaamini nikiwa nimeketi kwa kiti.

Lakini Jumapili ile baada ya maneno yake, Senge alienda kanisani, mimi nikasema kichwa kinauma. Nikayaanika yale majani ya aproni juu ya meko mpaka yakakauka, nikayachemsha, bila maziwa, bila sukari. Yalikuwa machungu na ladha kama maji ya kutu. Nikayanywa yote mpaka mashapo, maana ni mimi niliyeyaua, nikaosha kikombe, halafu yale maji ya kuoshea nikatoka nayo nje, nikayamwaga pale litakapojengwa jiko.