Chagua Kisiwa, Petronila

Kagaruki alitoa kahawa kwanza, maneno baadaye. Hapo ndipo alipomshinda dada yake.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, mwaka 1987, nyumbani kwa Petronila kule Maruku. Kagaruki alikuja moja kwa moja kutoka misani, kanzu yake imepigwa pasi, mkononi ana kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani kavu la mgomba. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini. Kibanja changu cha migomba kilipakana na cha Petronila kwa safu moja tu ya miramula, mimea ya kuwekea mpaka, na tangu aanze kuugua nilizoea kupita kumjulia hali.

Petronila alikuwa amelala sebuleni juu ya nyasi zilizotandikwa, maana kitanda kilimuumiza mifupa. Alinyoosha mkono, akachukua punje mbili, akatafuna. Kwa wazee wetu, mtu akishatafuna kahawa kutoka mkononi mwako hawezi kulikatalia neno la kwanza utakalomwambia. Kahawa hiyo ilipatanisha watu waliotaka kukatana mapanga. Kagaruki alingoja mpaka dada yake alipomeza.

"Dada, tumekaa kama ukoo," akasema. "Tumeona umechoka. Tunataka ukapumzike kisiwani wiki mbili, upate upepo wa ziwa. Kisiwa utachagua mwenyewe."

"Wanaopumzika visiwani ni Wazungu, waitu kaka."

"Na wewe umekaa Kampala miaka tisa. Una tofauti gani nao?"

Petronila alicheka kidogo, kisha akazitazama punje zilizobaki kiganjani mwa kaka yake. Alikuwa ameelewa. Mimi sikuelewa, ingawa watu waliniita Mwalimu.

Sikuwahi kufundisha popote. Niliishia darasa la tatu kwa mapadre, mengine nikajisomea: magazeti ya kanisa yaliyofungiwa sukari, vitabu vilivyotupwa na wataalamu wa kahawa wa kituo cha utafiti pale Maruku, ramani moja kubwa ya ziwa niliyoinakili kwa mkono kwenye daftari. Watu walipotaka kujua jambo walikuja kwangu, nami nilipenda waje.

Petronila aliolewa Muleba akiwa na miaka kumi na sita, akarudishwa kwao baada ya miaka mitatu kwa sababu hakuzaa. Akaenda Kampala kushona nguo. Aliporudi alikuwa na cherehani, mtoto wa kike mgongoni aitwaye Joviana, na fedha za kutosha kununua kibanja kutoka kwa binamu yake. Kilikuwa kibanja kilichochoka, migomba imekonda kama vidole. Alikitandaza nyasi, akabeba samadi kichwani, na baada ya miaka minne ndizi zake zilikuwa zinahitaji miti ya kuzitegemeza. Vita vilipokuja, mabomu yakaanguka Bukoba, Kagaruki alikimbia na mkewe hadi Biharamulo akaacha ng'ombe wanne zizini. Petronila hakukimbia. Kaka mtu aliporudi alikabidhiwa ng'ombe sita.

Baada ya vita ikaja biashara ya magendo, na pamoja nayo vitambaa vya Juliana kutoka Uganda. Petronila alivishona kuliko mtu yeyote. Ugonjwa ulipoanza watu waliuita Juliana, na naye ukampata. Kufikia Kwaresima hiyo, mikono yake ilikuwa imebaki kama bua la mtama.

Alitaka jambo moja tu: kufia ndani ya nyumba yake na kuzikwa chini ya migomba yake. Hakutaka hivyo kwa mapenzi ya udongo. Kwetu, mtu akiuliza kibanja hiki ni cha nani, haonyeshwi karatasi. Anaonyeshwa kaburi. Karatasi ya ununuzi alikuwa nayo, lakini mashahidi walikuwa watatu, wawili wamekwisha kufa kwa ugonjwa huo huo, na wa tatu ni Kagaruki. Kaburi lake likiwa pale, Joviana angekuwa na kitu cha kuonyesha. Lisipokuwepo, Joviana angekuwa msichana wa miaka kumi na mitatu aliyezaliwa Uganda, asiyejulikana baba.

Haya yote nayaandika leo kwa urahisi. Wakati ule nilijua kila kipande chake, ila sikukaa nikaviunganisha.

Kwa kuwa alikwisha kutafuna kahawa, Petronila hakuweza kukataa safari. Lakini hakuambiwa achague lini. Akashika hapo.

Jumapili ya pili Kagaruki alikuja na Shilogile, Msukuma aliyenunua samaki visiwani na kuwauza sokoni Kashai. Alivijua visiwa vyote kwa harufu.

"Tuanze na Musira," Petronila alisema.

"Musira ni karibu mno," Kagaruki akajibu upesi. "Hutapumzika."

"Kweli. Nitasikia kengele za mjini, na siku hizi hazigongwi ila kwa maiti. Bumbiire je?"

"Bumbiire pazuri, mama," Shilogile akasema. "Kuna ng'ombe. Utakunywa maziwa."

"Penye ng'ombe pana kupe. Damu yenyewe imebaki kidogo, sitaki kugawana. Goziba?"

Shilogile alikuna shingo. "Goziba kumechangamka. Watu wengi, pombe, redio usiku kucha."

"Wanawake?"

"Wamejaa, mama."

"Basi wenzangu wamekwisha kutangulia. Kaka, unanipeleka nikawaambukize au wakaniongezee?"

Shilogile alicheka mpaka akakohoa. Kagaruki alitazama vidole vya miguu yake. Mkewe, aliyekuwa akimletea Petronila ndizi zilizopikwa na maji ya kuoga, alianza siku hiyo kuleta ndizi zilizopoa.

Jumapili ya tatu ikapita kwenye Ikuza. Petronila aliuliza kama kuna kivuli, kama maji yanachemshwa, kama inzi ni wengi kuliko wa Maruku. Shilogile alitumwa kuuliza, akarudi na majibu Jumapili ya nne, na majibu yalipokuja maswali mengine yalikuwa yanangoja. Sauti ya Petronila ilizidi kupungua, tukawa tunainama ili tumsikie anavyovikataa visiwa. Katikati ya wiki padri alikuja kumpaka mafuta. Mgonjwa alishaanza kushindwa kumeza. Ungeweza kusema, bila kuwa daktari, kwamba hafiki Pasaka.

Kagaruki naye aliona. Jumapili ya tano alikuja bila kahawa na bila kukaa.

"Dada, unatuchezea. Sema unataka nini, tumalize."

Petronila alifumba macho akahesabu kwa vidole. "Nataka kisiwa chenye katekista, nisije nikafa kama mbwa. Chenye migomba, samaki wamenishinda. Kisichouza pombe. Na chenye mashua inayorudi Kemondo kila wiki. Mkikipata hicho, kaka, nitaondoka kesho yake."

"Hakuna kisiwa cha namna hiyo," Shilogile akasema. "Wavuvi hawapandi migomba, mama. Wala hawaachi pombe."

Kagaruki alishusha pumzi. Nilimwona mabega yamelegea, mtu aliyechoka kusukuma. Nadhani kama kimya kile kingedumu dakika moja zaidi angeenda zake, na wiki mbili baadaye tungekuwa tunachimba kaburi nyuma ya jiko.

"Kipo," nikasema.

Wote waligeuka. Nilikwisha kutoa daftari mfukoni. Niliwafungulia ukurasa wa ramani, nikawawekea kidole kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Nyabugera. Nilikuwa nimesoma kwenye gazeti la kanisa kwamba familia kumi na mbili za Wakatoliki zilihamia huko kabla ya vita, zikapanda migomba, zikajenga kigango, na katekista wao alikuwa amekataza pombe. Mashua yao ilileta ndizi Kemondo kila Jumatatu.

"Na kivuli kipo," nikaongeza. Hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Petronila alinitazama kwa muda mrefu. "Umesoma sana, Mwalimu," akasema.

Nilifurahi. Nakumbuka kwamba nilifurahi.

Kesho yake tulimpakia kwenye pikapu ya kukodi, juu ya godoro. Alivaa gomesi yake ya kijani, nayo ilimzunguka mara mbili. Joviana alipanda, Kagaruki akamshusha. "Mtoto ana shule," alisema. Petronila aliomba cherehani iende naye, akaambiwa ni nzito. Akaomba mkasi wake. Mkasi alipewa.

Pale Kemondo, wakati Kagaruki na Shilogile wanapatana na mwenye mashua, nilibaki naye chini ya ukuta wa ghala nikimkinga jua kwa mwavuli.

"Jana ulipofungua lile daftari," alisema, "nilikuombea upofu."

"Nilidhani unataka kwenda."

"Mwalimu. Mgonjwa anayetaka kwenda haulizi habari za katekista. Anauliza mashua inaondoka saa ngapi."

Sasa vile vipande vilikuwa vimeungana vyenyewe.

"Bado hujachelewa," akasema. "Waambie ulikosea kusoma. Waambie gazeti ni la zamani, watu wamehama. Neno lako wanaliamini."

Kagaruki alikuwa anarudi, Shilogile nyuma yake, na wabebaji wawili. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini katika maisha yangu yote pale Maruku hakuna mtu aliyewahi kunisikia nikisema nimekosea kusoma, na Shilogile alikuwa mtu wa kucheka. Nikaukunja mwavuli.

Walimbeba wakamweka katikati ya mashua, kati ya magunia ya chumvi. Hakugeuka kutazama nchi kavu. Alikuwa ameushika mkasi kifuani kwa mikono miwili.

Habari zilikuja Ijumaa Kuu. Alifariki Jumatano, siku ya tisa, katekista akiwa pembeni yake. Migomba ilikuwepo, pombe haikuwepo, yote niliyoyasema yalikuwa kweli. Walimzika Alhamisi pale kisiwani, kwenye changarawe juu ya ufuko, maana hapakuwa na mashua iliyokubali kumrudisha. Wavuvi wa ziwa letu hawapakii maiti. Wanasema chombo kilichobeba maiti hakipati samaki mwaka mzima, na hata aliye tayari kulipa hupewa kisogo.

Nilimfuata Kagaruki nikamuuliza kama alilijua hilo.

"Kila mtu analijua, Mwalimu," alisema. Alikuwa anatafuna kahawa. "Kwani hukulikuta kwenye gazeti lako?"

Arobaini ilipofika ukoo ulikaa kwenye kibanja cha Petronila. Zamani kikao kama hicho kilianza kwa kumtafutia mtoto wa marehemu mahali pa kukaa, hata angekuwa mtoto wa mjakazi. Siku hiyo kilianza na kamba ya kupimia. Joviana alileta ile karatasi. Mzee mmoja aliishika juu chini, akairudisha. Kagaruki, shahidi pekee aliyebaki, alisema hakumbuki kununuliwa kitu. Anachokumbuka ni kwamba dada yake alipewa mahali pa kulala.

"Mama yako amezikwa wapi, mwanangu?" yule mzee akauliza.

Joviana alinyoosha kidole upande wa ziwa. Kutoka pale halionekani, yanaonekana majani ya migomba tu.

"Basi nenda ukalime huko," mtu mmoja akasema, na baadhi yao wakacheka. Walikuwa watu wazima, wengine wajomba zake. Nilikuwepo na daftari langu mfukoni. Hakuna aliyeniuliza chochote.

Joviana alikwenda Bakoba, mtaa wa Bukoba mjini, kwa mwanamke aliyefahamiana na mama yake, akajifunza kushona kwa cherehani ya watu. Ya mama yake aliichukua mke wa Kagaruki, hakujua kuitumia, ikaota kutu barazani. Nilimwona Joviana mara moja tu baada ya hapo, sokoni. Aliniamkia vizuri, kama alivyofundishwa, akaendelea kuchagua vifungo.

Kagaruki naye Juliana ilimchukua mwaka 1991. Hakuna aliyemwambia achague kisiwa. Alifia kwenye nyumba ile ile ya Petronila, akazikwa nyuma ya jiko, kati ya migomba ambayo dada yake aliibebea samadi kichwani. Wanawe wamelijengea kaburi kwa saruji na kulipaka chokaa, linaonekana kutoka barabarani.

Mgeni akipita na kuniuliza kibanja hiki kizuri ni cha nani, huwa namwonyesha hilo.