Dakika Kumi na Nane za Miwa

Jael Naliaka hajawahi kuharakishwa na mtu, na wacha niseme mapema kwamba mimi niko upande wake. Mwenye kutaka maneno ya katikati akatafute msimulizi mwingine. Mimi ni Zipporah. Siku za wiki naendesha mashine ya kusaga mahindi hapa Shianda, na Jumamosi ndimi mwandishi wa alama wa timu yetu ya kriketi. Nakaa mezani nje ya kamba inayozunguka uwanja, na saa yangu, kitabu changu na kalamu mbili, na hakuna kinachotokea uwanjani nisichokiandika.

Jael tulisoma naye darasa moja. Alikuwa anafikanga shule wa mwisho, mwalimu wa zamu anamchapa, na kesho yake anakuja kwa mwendo ule ule. Tulipokua akaenda kukata miwa. Mnyapara akamwona ana miguu mizito, akamnyang'anya mstari mzuri akampa wa pembeni wenye magugu. Jael aliukata mpaka chini kwenye udongo, shina kwa shina, na wale waliomaliza saa sita wakarudishwa kukata upya visiki walivyoacha virefu. Yeye alikunywa maji yake akaenda nyumbani. Hata mama mkwe wake, aliyekuwa akinung'unika kwamba obusuma ya Jael, ugali wake, inafika watu wakiwa wamesahau njaa, mwishowe alinyamaza akajifunza kusubiri.

Kriketi alifunzwa na mwalimu mmoja aliyeleta bati tatu za kupigia mpira shuleni kwetu. Anarusha mipira ya kuzunguka. Anapiga hatua nne tu, hatua za mtu anayekwenda kisimani, mkono unapita karibu na sikio, na mpira ukigusa ardhi unageukia mahali mpigaji hakuwa na habari napo. Huu ni mwaka wa sita yeye ni kapteni wetu. Timu ni wanaume na wanawake pamoja, kwa sababu tukigawana hatutoshi.

Sasa sheria, maana bila sheria hamtaelewa kwa nini nilikasirika. Mechi za ligi yetu huchezwa Jumamosi mbili, Jumapili ikiwa ya kanisa. Jumamosi ya kwanza timu moja inarusha, ya pili inapiga. Timu inayorusha lazima imalize ova themanini kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, ukitoa saa moja ya chakula. Ova moja ni mirusho sita. Kwa kila ova inayopungua timu inakatwa pointi moja, na kapteni anakaa nje mechi inayofuata, hata kama iliyopungua ni moja. Wachezaji kumi na mmoja wanachelewa, anaadhibiwa mmoja. Sheria yenyewe ilinakiliwa kutoka kwa wakubwa, wale wa mechi za Test za siku tano, ambao nao hukatwa pointi moja kwa kila ova. Lakini huko kwao muda uliopotea bila kosa la warushaji unatolewa kwanza, kwa mfano mtu akiumia. Walioileta sheria hapa walibeba adhabu, huruma wakaisahau njiani.

Upande mmoja wa uwanja wetu, hatua chache tu kutoka kamba, ni miwa ya Osiako. Na kwetu huingii kwenye miwa ya mtu kimya kimya. Miwa ikiungua au ikiibwa, wa kwanza kutafutwa ni yule aliyeonekana akitoka ndani yake. Kwa hiyo unasimama ukingoni, unaita salamu, "Mulembe, mwenye miwa," unangoja aitikie, halafu anakuja mwenyewe. Osiako ana goti bovu na ulimi mkali. Mpira ukiingia kwake anautafuta yeye, mstari kwa mstari, kwa fimbo, na hataki msaada wa mtu.

Tulikuwa tunacheza na Iguhu mechi ya mwisho ya msimu kabla ya fainali. Shinyalu walikuwa wameshajipatia nafasi moja ya fainali. Iliyobaki ilikuwa yetu au ya Iguhu. Wao walikuwa na pointi thelathini na nane, sisi ishirini na nane, na ushindi ni pointi kumi na mbili. Mnaona wenyewe. Tukishinda tunafika arobaini na tunaingia fainali, jambo ambalo Shianda haijalifanya hata siku moja.

Jumamosi ya kwanza tulirusha. Mwamuzi aliyetumwa na kamati alikuwa Weldon, mtu wa Uasin Gishu, aliyekulia kwenye mashamba ya ngano, ambako nadhani mpira ukipotea unauona kutoka pale pale uliposimama. Iguhu wana mpigaji wao Bravin, mkono wake ni mzito, na mara nne aliutupa mpira ndani ya miwa. Mara nne Jael alisimama ukingoni akaita, mara nne Osiako akaja akichechemea. Mara ya kwanza Jael aliomba tutumie mpira wa akiba. Weldon aliugeuza mkononi akasema ni mpya mno kuliko ule uliopotea, haukubaliki. Basi tukasimama tukingoja, naye akasimama akingoja, na saa ikaenda. Nikaandika kwenye kitabu: miwa, dakika nne. Miwa, sita. Miwa, tatu. Miwa, tano.

Kabla ya chakula kukawa na jambo lingine, nalo pia niliandika. Bravin alikuwa amenoga. Jael akachukua mpira, akasimama, akamhamisha mchezaji mmoja kulia. Akafikiri. Akamrudisha kushoto. Akamwita mwingine asogee mbele, akampungia arudi nyuma. Dakika tano nzima Bravin anapigapiga ardhi kwa bati na kuvuta pumzi. Jael aliporusha hatimaye, Bravin alikuja mbio kama anayefukuza kuku, akaukosa, na vijiti vitatu nyuma yake vikaanguka, akatolewa. Nilicheka mpaka nikaharibu mstari.

Saa kumi ilipofika tulikuwa na ova sabini na tano. Jumamosi iliyofuata tukapiga, tukashinda. Watu walikuwa bado wanakumbatiana Weldon alipomletea Jael fomu. Ova tano pungufu, pointi tano zinakatwa. Arobaini ikawa thelathini na tano, na Iguhu ndio wako fainali.

"Tia sahihi hapa, kapteni," Weldon akasema.

Jael aliisoma fomu yote, mbele na nyuma, pamoja na anwani ya kamati. "Na ile miwa?" akauliza.

"Uwanja ni wenu, miwa ni yenu."

"Miwa ni ya Osiako."

"Mpira ukitoka nje, timu inayorusha ndiyo inayoutafuta. Mimi nahesabu ova, sihesabu miwa."

"Basi sitii sahihi," Jael akasema, akamrudishia kalamu.

Weldon akamweleza kwamba fomu isiporudi ndani ya siku saba, timu nzima inafutwa kwenye ligi. Hapo ndipo wenzetu walipomzunguka. Ati tia tu sahihi, dada, mwaka ujao upo. Ati usituponze sote kwa kichwa ngumu chako. Nami roho yangu iliniuma, kwa sababu waliokuwa wanasema hivyo ni wale wale waliosimama kwenye jua wakimngoja Osiako na wanajua. Jael aliwasikiliza wote mpaka wakaishiwa maneno. Akasema atajibu mbele ya kamati, na kamati ije uwanjani, si mjini.

Jumatano walikuja: Weldon, na mwenyekiti wa kamati, Bi Mwanasha wa Mumias, mwanamke wa maneno machache. Akatusalimu, "Asalaam aleikum," tukaitikia. Tukampa kiti karibu na meza yangu. Weldon akaeleza habari yake, na wacha niwe mkweli, aliieleza bila kuongeza uongo. Akarudia lile neno lake, kwamba kutafuta mpira ni kazi ya timu, na timu yenye bidii hutafuta upesi.

Jael alikuwa ameushika mpira. Akatembea hatua zake nne, mkono ukapita karibu na sikio, na mpira ukaruka juu ya kamba ukazama ndani ya miwa.

"Utafute," akamwambia Weldon.

Weldon akamtazama Bi Mwanasha. Bi Mwanasha akatoa simu kwenye mkoba, akabonyeza saa. "Nenda, bwana refa. Mimi nahesabu."

"Uite kwanza," Jael akamwambia.

"Nimwite nani? Ni mpira tu," Weldon akasema, akaingia.

Alimwambia. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu baadaye Iguhu walisema Jael alimtegea mtego. Alimwambia, na alisikia.

Tulisikia majani yakivunjika, kisha sauti ya Osiako. "Nani huyo anavunja miwa yangu?"

"Ni mimi. Mwamuzi."

"Mimi nina kesi gani hata niletewe mwamuzi? Simama hapo hapo. Toa mikono mfukoni. Una kiberiti?"

Weldon akasema hana kiberiti, anatafuta mpira. Osiako akamwambia hata waliochoma miwa ya ndugu yake walikuwa wanatafuta mbuzi. Watu wa barabarani waliposikia neno kiberiti walianza kuvuka uwanja, mmoja akiwa na panga la kazi, na Weldon akawa anajieleza kwa sauti inayopanda, jina lake, la baba yake, na alikozaliwa. Osiako akasema watakwenda kwa chifu. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi.

Jael hakuwa anafurahi. Alikwenda ukingoni akasimama. "Mulembe, mwenye miwa," akaita. "Ni Jael. Huyo ni mgeni wetu, hajui. Mwachilie, tena naomba mpira wangu."

"Mulembe," Osiako akaitikia. Baada ya muda Weldon akatoka, shingo ina mikwaruzo, majani makavu kwenye kola. Osiako akatoka nyuma yake na mpira.

"Dakika kumi na moja," Bi Mwanasha akasema.

Hakumcheka, wala hakuna aliyemcheka. Akaomba kitabu changu. Nikamwonyesha kwa kidole: nne, sita, tatu, tano. Dakika kumi na nane, na ova moja ni dakika nne na nusu. Akamuuliza Weldon kama ni kweli aliukataa mpira wa akiba. Weldon akasema ni kweli. Bi Mwanasha akachora mstari juu ya ova nne kwenye fomu. Tukabaki na moja, na pointi zetu thelathini na tisa. Tulikuwa fainali kwa pointi moja.

Halafu akasema jambo ambalo lingemaliza kila kitu. "Na hii ya tano, kapteni? Tuseme nayo ni ya miwa, yaishe?"

Jael alikuwa amerudi kusimama kando yangu, nikamkanyaga mguu. Ova moja ikibaki, yeye haingii fainali. Miaka sita anaibeba timu hii, na fainali ya kwanza ya Shianda aitazame kama mpita njia. Nilimkanyaga tena.

"Hiyo ni yangu," Jael akasema. "Nilimchelewesha Bravin kwa makusudi. Zipporah ameandika, tazama hapo chini. Nilitaka achoke, akachoka. Wala sijutii."

"Unajua utakaa nje."

"Najua. Sikuja kuomba huruma, Bi Mwanasha. Nilikataa kubeba za miwa. Yangu naibeba." Akachukua kalamu akatia sahihi, herufi kwa herufi, jina lake lote.

Nilitamani kumzaba kofi, na nilimwambia hivyo njiani. Nilimwambia yeye ni mjinga wa mwisho Shianda nzima. Akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema bado. Tukaendelea kutembea kwa mwendo wake, mimi nikilia kwa hasira.

Fainali ilichezwa hapa kwetu. Kamati ilileta barua: kapteni aliyeadhibiwa haruhusiwi kukanyaga ndani ya kamba wala kukaa na timu yake. Jael aliisoma barua yote kwa kituo chake. Ijumaa jioni alikwenda kwa Osiako. Sikujua walichoongea mpaka Jumamosi saa tatu, Shinyalu walipoanza kupiga. Dakika ya ishirini mpigaji wao aliutandika mpira ukaingia ndani ya miwa, nami nikashika kalamu niandike muda. Sikuwahi. Mpira ulitoka kwenye miwa ukiruka juu, ukaanguka miguuni pa mrushaji wetu.

Weldon, aliyekuwa mwamuzi tena, aligeuka akatazama. Barua ilikataza ndani ya kamba. Ya miwa haikusema kitu.

Siku nzima Jael alisimama mle, kwenye joto na majani yanayokata, kwa ruhusa ya Osiako. Shinyalu waliutupa mpira humo mara saba, na mara saba ukarudi kabla watu hawajageuza shingo. Yule mwanamke niliyemfahamu tangu darasa la kwanza, ambaye sijawahi kumwona akikimbia, nilisikia miwa ikipasuka mbele yake. Saa kumi tulikuwa na ova themanini na mbili.

Wachezaji walipotoka, Weldon hakwenda kunywa chai. Alivuka kamba akaenda mpaka ukingo wa miwa, akavua kofia, akasimama.

"Mulembe, mwenye miwa," akaita. "Naomba kumwona kapteni."

Hakuna aliyejibu. Nilijua Jael yuko pale karibu, niliona majani yakitikisika. Weldon akangoja, kofia mkononi, bila kusogea. Nikafungua kitabu, nikatazama saa yangu, nikaandika: mwamuzi, dakika nne. Ndipo Jael alipoitikia.