Barua ya Alhamisi kwa Walioiomba

Asubuhi ile mke wangu alikuwa anagombana na uzi. Ulikatika kila alipokanyaga cherehani, naye akautukana kama anatukana mtu. Nikamwekea chai pembeni. Akaniambia niiondoe, isije ikamwagikia nguo ya watu. Nikaiondoa. Baadaye akauliza chai yake iko wapi. Hatukusema zaidi ya hayo. Kabla ya saa sita moyo wake ulisimama, amekaa palepale, pindo la gauni halijaisha.

Mke wangu alikuwa fundi wa nguo. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa mahali pake pa kazi: cherehani dirishani, pasi, na kamba ya kutundikia nguo za watu. Hakuwa mtu wa kuchekacheka. Mteja aliyekawia kuchukua nguo alisemwa mpaka akaomba radhi. Mimi nilikuwa mpiga rangi wa nyumba. Shule sikwenda. Kusoma alinifundisha yeye, na hapo pia nilisemwa.

Uzeeni akaanza kuandika barua pepe. Moja kila Alhamisi, kwa watu wote kwa pamoja: namna ya kutoa doa la kutu, kwa nini kwapa huchanika kwanza, nani kaleta sketi iliyoungua kwa pasi akasingizia panya. Jumatano jioni alinisomea. Nikisinzia, alifuta pale aliponisinzisha. Sasa Jumatano sisinzii.

Wasomaji aliwapata kwa njia moja tu. Akimaliza suruali au koti, alitia kikaratasi mfukoni. Kimeandikwa kwamba fundi huandika barua kila wiki, na anayeitaka amwandikie mwenyewe, aombe. Binti yetu alimshauri akibandike ukutani, wengi wakione. Akajibu kwamba mtu asiyetia mkono kwenye mfuko wake mwenyewe hawezi kumaliza barua ya mwenzake. Na aliyekaa miezi bila kufungua barua alimwondoa.

"Amekufa au amenichoka," alisema. "Simsumbui."

Walikuwa wachache, lakini walimjibu. Walimbishia mambo ya sabuni. Mmoja alimtumia picha ya kifungo alichokishona mwenyewe kwa mara ya kwanza. Siku hiyo mke wangu alifurahi kwa namna yake: hakugombana na mtu hadi jioni.

Mume wa binti yetu tulimwita Meneja. Hakuwa meneja wa kitu. Kazi yake ilikuwa kulitangazia duka moja la vitambaa, na mwenye duka alimwambia kwamba barua ya fundi ingemfaa, kama ingekuwa na wasomaji wengi. Jumapili moja tulikwenda kumwona mgonjwa, tukamwachia nyumba.

Kila nguo kwenye kamba ilikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini: jina la mteja na anwani yake ya barua pepe, ili aambiwe nguo ikiwa tayari. Kwa hilo tu. Meneja alivibandua vyote, akavitandaza mezani, akaingiza zile anwani zote kwenye orodha ya mke wangu. Neno la siri alilijua, maana ile kompyuta ni yeye aliyeitengeneza. Kisha akavibana tena vile vikaratasi. Akavibana hovyo.

Nguo zilipelekwa na mtu wa pikipiki zikiwa zimefungwa, kwa hiyo hakuna aliyeona mapema. Suruali ya mwalimu ikaenda kwa mwuza nyama. Ya mwuza nyama ikaenda kwa mwalimu. Gauni la bibi harusi likafika kwa mkunga. Halafu Alhamisi wote hao wakapata barua wasiyoiomba, inayowafundisha kutunza nguo. Mwalimu alijibu: "Nirudishie kwanza suruali yangu."

Wengine hawakujibu. Walibonyeza pale pa kusema kwamba hii ni takataka. Walibonyeza wengi mno, mpaka kampuni iliyokuwa ikipeleka barua zake ikamfungia. Hata wale waliomwomba hakuweza tena kuwafikia.

Meneja akaja anatabasamu.

"Mama, nimekuongezea watu," akasema. "Mwanzoni hulalamika, baadaye huzoea."

"Hukuwaongeza. Umewakamata."

Mke wangu akapitisha kidole kwenye orodha, polepole, hadi mwisho. Jina la Meneja halikuwemo. Aliandikisha kila mtu, yeye mwenyewe akajiacha. Mke wangu akamwonyesha mlango kwa mkasi. Binti yetu alilia. Mama yake hakumbembeleza.

Akaanza upya. Aliwaandikia mmojammoja wale waliowahi kumjibu, akawauliza kama bado wanataka. Wengine walirudi. Wengine walidhani ni tapeli. Alipokufa, orodha haikuwa imefika nusu ya ile ya zamani.

Baada ya mazishi Meneja akaja tena. Akakaa kwenye kiti cha mke wangu, kile cha cherehani. Sikumkaribisha, wala sikumwinua, nilitaka kusikia. Akasema barua isife. Ataandika yeye, kwa jina la mama na picha ya mama, na wasomaji hawatajua. Mwenye duka yuko tayari.

"Baba, huruma ya watu haikai," akasema. "Tuitumie ingali moto."

Akaniomba neno jipya la siri. Nikamwambia simpi. Akasema mimi mambo haya siyajui. Kweli, siyajui. Nikamwambia simpi.

"Mama angetaka iendelee," akasema.

Nikamwita binti yetu akae kwenye kompyuta. Neno nikamtajia sikioni. Akawaandikia wale waliokuwa wamerudi: fundi amefariki, hii ndiyo barua ya mwisho, asanteni kwa kuomba. Akaituma. Kisha akaifuta orodha yote, mumewe amesimama nyuma yake anauliza ni nani katoa ruhusa.

Nilimjibu mimi. Siku ile ya mkasi, yeye akiwa keshatoka, binti yetu alimwuliza mama yake orodha itakuwaje huko mbele. Nilikuwepo. Mke wangu alisema hivi:

"Waliomba niwaandikie mimi. Nikifa, waambieni nimekufa, mfunge. Na huyo mumeo asiguse hata kitufe."