Nilivyokunywa shubiri ya mama mkwe kwa kuona haya kumwambia ninahara damu

Asalaam aleikum wakuu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Mengine ni ya aibu, mtanisitiri.

Mimi ni mpishi wa hoteli moja Galu, nimeoa kijiji cha Munje. Mwaka jana nilianza kuhara damu. Chooni mara nane, mara kumi kwa siku. Wenzangu jikoni wakadhani ninakwepa kazi.

Hospitali wakanipima kwa kamera, wakasema ni ulcerative colitis, yaani vidonda kwenye utumbo mpana. Nikapewa tembe za kila siku, nikapata nafuu.

Nafuu ikanitia kiburi. Nikasoma mtandaoni kwamba manjano, kile kiungo cha mchuzi, yana kitu kinaitwa curcumin, na watafiti wanakichunguza kwa ugonjwa huu huu. Nikajiambia, tembe za nini, na jikoni kwangu manjano yamejaa kopo? Nikaziacha. Daktari sikumwambia.

Damu ikarudi.

Mke wangu akanipeleka kwao nikapumzike, yeye akarudi kazini Ukunda. Sasa wakuu, watu wa Pwani mnajua. Mbele ya mkwe hata kukohoa unakohoa kwa adabu. Habari za choo utazianzaje?

"Mwanangu, wasumbuliwa na nini?"

"Tumbo tu, mama."

Tumbo tu! Mama mkwe ni mjuzi wa mitishamba, watu humfuata kutoka hata Kombani. Akadhani nimefunga choo, akanichemshia shubiri. Chungu, jamani! Na shubiri inaharisha, kila mtu anajua.

Nikanywa. Kikombe cha mkwe nikikatae vipi? Siku tatu hizo. Ya nne nikaanguka mlangoni pa choo, nikazindukia wodini.

Daktari, binti mdogo tu, akasema damu mwilini imepungua mno, na dawa zikishindwa huenda utumbo ukakatwa. Kisha akauliza, "Nyumbani ulikuwa unatumia nini?"

Mama mkwe alikuwa amesimama ubavuni mwa kitanda.

Akajibu yeye. "Shubiri. Nilimpa mimi."

Hapo sikuwa na pa kujificha. Nikageukia ukutani nikasema yote: damu, choo, manjano, tembe nilizoacha.

"Ewe mwanangu!" mama akasema. "Ungeniambia wahara damu, ningekupa shubiri mimi? Hiyo si haya tena, ni kutaka kufa!"

Daktari hakumkemea. Alimshukuru kwa kusema kweli. Akatueleza kwamba manjano bado yanachunguzwa, pengine yatasaidia pamoja na tembe, lakini hayachukui nafasi ya tembe. Shubiri nisiiguse.

Utumbo wangu haukukatwa, alhamdulillahi. Mama hakubanduka. Kila asubuhi aliniuliza kwa sauti ya mnadani, wodi nzima inasikia: "Leo wenda mara ngapi? Pana damu?" Mwanzo nilijifunika shuka. Baadaye nikawa ninajibu.

Siku niliyomwambia, "Mara moja, mama, na hakuna damu," alikaa sakafuni akalia. Nami nikalia. Namshukuru yule mama kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Mitishamba siitukani, wakuu. Kosa lilikuwa mdomo wangu nilioufunga. Mwenye ugonjwa huu aje tuzungumze, hapa tutaje choo bila haya. Na unijibu hili kwanza: daktari wako anajua unachokunywa nyumbani? Na anayekuchemshia, anajua unaumwa nini?