Tairi Nililolipitisha

Miaka michache iliyopita nilikuwa dereva wa shirika moja hapa Goma, na kila mwanzo wa mwezi palibandikwa karatasi ukutani mwa ofisi ya magari. Majina yetu yalikuwa upande mmoja, na mbele ya kila jina palipakwa rangi: kijani, manjano au nyekundu. Rangi hizo zilitoka kwenye kijisanduku kilichofichwa chini ya dashibodi ya kila gari, ambacho sisi tulikiita mchongezi. Ukizidisha mwendo, ukifunga breki ghafla, ukisahau mkanda, ukikwama njiani, chenyewe kinaandika. Mimi nilikuwa nyekundu mwezi hadi mwezi. Mwenzangu mmoja alikuwa kijani daima, na nilimchukia kwa hilo kuliko ninavyopenda kukiri.

Alitoka milima ya Masisi, kwenye familia ya wafugaji, na aliendesha gari kama mtu anayeswaga ng'ombe walioshiba. Mimi nilimtangulia kazini. Ni mimi niliyemfundisha kulitoa gari kwenye tope la barabara ya Sake. Sasa kila Jumatatu yeye ndiye aliyesimama mbele yetu na chaki, kwa amri ya shefu, bosi wetu, akitufundisha usalama barabarani: usishike simu, usipite mahali pasipoonekana mbele, mpishe mwenye chukudu hata kama kosa ni lake, maana hiyo baiskeli yake ya mbao isiyo na pedali imejaa viazi na breki yake ni kipande cha raba anachokikanyaga kwa mguu. Nilikaa nyuma nimekunja mikono, nikijisemea kwamba mimi nilifika Kanyabayonga kwa gari kabla huyu hajajua klachi iko wapi.

Hata kulisogeza gari kutoka kivulini hadi getini alifunga mkanda. Tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza. Lakini wauguzi wa shirika wakipangiwa safari ya mbali walikuwa wanauliza nani anaendesha, na wakisikia ni mimi, midomo inawashuka. Wakisikia ni yeye, wanapanda wakipiga soga. Nyumbani Murara nilimlalamikia mke wangu, nikitaka anionee huruma. Aliendelea kutwanga sombe yake ya majani ya muhogo, kisha akasema, “Weye unakimbizaka sana. Kama ni batoto yangu, ningebapa ule mwenzako abapeleke.” Siku mbili sikusema naye vizuri.

Kisha shefu akatangaza kwamba mkuu wa magari anastaafu, na nafasi yake atapewa mmoja wetu, yule atakayekuwa na safari safi hadi mwisho wa mwaka. Wote wakamgeukia yeye. Mimi hakuna aliyenitazama, hata kwa adabu tu.

Tulikuwa na desturi moja ya kazi: hakuna aliyekagua gari lake mwenyewe. Kila asubuhi ulikagua la mwenzako, na mwingine akakagua lako, kwa sababu mtu huzoea kasoro za gari lake mpaka haoni tena. Ukimaliza, unatia sahihi kwenye daftari, na mwenye gari anaondoka bila kuchungulia kitu. Kurudia ukaguzi wa mwenzako lilikuwa tusi. Ni kama kumwambia mbele ya watu kwamba ni mwongo.

Asubuhi moja zamu ikanipa gari lake. Alikuwa anawapeleka wauguzi watatu Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru. Nikatazama mafuta, taa, maji ya breki. Nikapitisha mkono kwenye tairi la nyuma kushoto, upande wa ndani, nikakuta limevimba ubavuni, uvimbe wa kujaza kiganja. Haya mawe yetu ya volkano ndiyo yanayoyafanya matairi hivyo, na kila dereva wa Goma anajua kwamba tairi la namna hiyo halitoki getini. Nikabaki nimechuchumaa, mkono bado uko mle ndani. Nikamwona akilini mwangu amekwama njiani, pale Kibumba, amechelewa, safari imeingia doa, jina lake limepakwa manjano. Ni hilo tu nililolitaka, manjano. Ningeweza kusema kwamba niliwafikiria wauguzi, lakini ningekuwa nadanganya. Nikasimama, nikafuta mikono, nikaandika “sawa” kwenye mistari yote na kutia sahihi.

“Iko bien, muzee?” mwenzangu akaniuliza kama gari liko sawa.

“Iko bien. Enda.”

Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alitoa kichwa dirishani akanishukuru kwa kuwakagulia gari.

Kila gari lilipaswa kuita kwa redio kutoka vituo vya njiani. Aliita akiwa Kibumba. Aliita akiwa Rugari. Kutoka Kalengera hakuita. Nilikuwa chini ya dirisha la chumba cha redio, najifanya naosha vioo vya gari langu, nikamsikia mama wa redio akiliita lile gari mara ya tatu, mara ya nne, sauti yake ikianza kupanda. Niliosha kioo kilekile mpaka ndoo ikakauka. Kule kuna mteremko, na kandokando ya barabara wanatembea watu wenye mizigo kichwani. Ndipo nilipowafikiria wauguzi. Nikamfikiria yule mama. Nikamwomba Mungu kwamba jamaa awe ametembea polepole, mwendo uleule niliokuwa naucheka kila siku.

Ilipita karibu saa nzima ndipo akaita. Tairi lilikuwa limepasuka mteremkoni, mahali ambapo redio haishiki. Kwa kuwa alikuwa mwendo mdogo, gari liliyumba kidogo na kusimama kwenye majani, na hakuna aliyekwaruzwa. Watu wakashangilia ofisini. Na mimi nikapiga makofi.

Alirudi saa tisa mchana, akampa shefu ripoti: jiwe limekata tairi njiani, gari lilikuwa limekaguliwa vema asubuhi. Shefu akanipiga bega kunipongeza. Nikajua nimepona. Kisha mwenzangu akanivuta nyuma ya magari, tukawa wawili.

“Muzee, ile mupira ilikuwa imevimba tangu asubuyi. Imepasukia mu ubavu. Ile haiko jiwe.”

Nikachukua kitambaa, nikaanza kufuta mlango wa gari lililokuwa karibu.

“Nilikuona umetia mukono pale. Nikasema, muzee ameona yote.”

“Sasa juu ya nini umeandika jiwe?”

“Juu bangekufukuza. Uko na batoto. Na ni weye ulinifundisha hii kazi.”

Hakuwa na hasira. Ningependa awe nayo, maana hasira ningeijibu. Alisema hayo polepole, kisha akaenda kunawa mikono.

Mtu mwingine angelia, angemshika mkono. Mimi niliwaka wivu kuliko siku zote. Rangi ya kijani alikuwa nayo, wauguzi alikuwa nao, mke wangu alikuwa upande wake, na sasa amenizidi hata kwa wema. Kesho yake, kabla ya zamu ya ukaguzi, nikaingia kwa shefu nikamwambia yote: uvimbe, mkono wangu, sahihi yangu. Waliosikia baadaye walisema nimetubu. Waache waseme. Nilikwenda kwa sababu sikuweza kuvumilia yeye awe mwenye kusamehe, na mimi niwe msamehewa wake maisha yote.

Jambo moja sikulifikiria: ukweli wangu ulimfanya yeye kuwa mwongo, na ripoti ya uongo juu ya ajali ilikuwa kosa zito kwetu. Tuliitwa siku moja, kwenye meza moja, tukapewa kila mmoja barua yake. Yangu ilininyang'anya funguo za gari na kuniondoa kwenye ukaguzi. Yake ilimwondoa kwenye kinyang'anyiro cha mkuu wa magari. Nafasi ile, aliyokuwa ameifanyia kazi kwa haki kuliko sisi sote, ikaenda kwa mtu wa nje. Yeye alisoma mara moja, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Mimi sikuwa hata nimemaliza yangu. Nilikuwa nimenyoosha shingo kuitazama ya kwake. Yangu ilikuwa kurasa mbili. Yake ilikuwa nusu ukurasa, na moyoni nikasema wamempendelea.