Donge la Mpakani

Siku zangu za kwanza katika ofisi ya upimaji wa ardhi, Bunia, nilikuwa na diploma mpya na wasiwasi wa zamani. Kila pembe ya shamba niliipima mara mbili, kisha njiani nikajiuliza kama kweli niliipima. Chef de Bureau, mkuu wetu wa ofisi, alicheka, akiniita mdogo wake: "Petit, weye unapima shamba ao unapima roho yako?"

Vita vilikuwa vimenyamaza, lakini watu walisalimiana huku wakitazama barabara. Tulitumwa karibu na mji mdogo wa Iga Barrière kupima mpaka wa mashamba mawili. Mama Furaha, mwenye shamba moja, hakuwahi kukimbia vita. Jirani yake, Baba Pascal, alikuwa amerudi kutoka ukimbizini. Borne, yaani nguzo fupi za zege zinazozikwa mpakani, zilikuwa zimeng'olewa, na kila mmoja alionyesha mpaka mahali tofauti. Mvua zilikuwa zimeanza. Bila mpaka hakuna ambaye angepanda maharagi, na vijana wa pande zote mbili walisimama na mapanga, wakisema ni ya kufyekea.

Nilifungua ramani, nikaanza kueleza. Chef akanishika bega ninyamaze. Akawaomba wafanye kama wazazi wao: kila mmoja achimbe donge la udongo upande wake, alibebe akimwendea mwenzake, na pale watakapokutana pawe mpaka, madonge yakandwe kwa maji yawe moja. Wazee waliamini udongo humlaani mwongo, kwa hiyo anayejua anadanganya huogopa kuligusa donge. Mimi niliogopa zaidi yao: je, wakikutana nje ya mstari wa ramani yangu?

Katikati ya mwendo Baba Pascal akasimama.

"Nasikia ni weye ulizika baba yangu."

"Ni miye. Ulitaka nimuache?"

Baba Pascal akapiga hatua mbele. "Basi kuja, mama. Donge lako linakauka."

Walikutana pembeni kidogo ya mstari.

"Piga borne pale," Chef akasema.

"Na ramani, Chef?"

"Ramani itakuja kulima?"

Ndani ya jeep aliniamuru niandike maana ya donge katika ripoti, kwa kuwa wakubwa wa mjini wangeuliza. Nilifuta mara nyingi. Mwishowe niliandika kwamba neno donge na kitu chenyewe vyote vinatoka kwenye udongo, na kwamba donge ni kiasi kile ambacho mkono mmoja unaweza kukishika kisivunjike.

Sasa nimestaafu. Mvua ya kwanza ikinyesha, napanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Iga. Borne ile iling'olewa tena, labda kwa ajili ya chuma cha ndani yake. Maharagi ya pande zote mbili bado yanaishia palepale. Naangalia, narudi Bunia, na nikifika mlangoni najiuliza kama niliangalia vizuri.